Pima Kivuli Kabla ya Kuchimba Shimo

Kiwanja cha kawaida kinachopimwa siku hizi pembezoni mwa Dar es Salaam ni cha mita 20 kwa 20. Toa nyumba ya vyumba vitatu, toa shimo la choo na chemba zake, toa njia ya gari na pa kuanikia nguo. Kinachobaki ni ukanda wa mita tatu au nne kuzunguka nyumba, na pembe moja pana kama aliyechora ramani alikuwa na huruma. Sasa mlete mwembe. Mwembe uliokomaa bila kupogolewa hutandaza matawi upana wa mita 10 na kuendelea. Kivuli chake peke yake ni karibu mita za mraba 80, moja ya tano ya kiwanja chote. Lakini siku uliponunua mche wake ulikuja nao umeupakata kwenye bodaboda.

Mashaka mengi ya miti ya nyumbani huanzia hapo. Tunanunua kwa kuutazama mche: majani yanang'aa, bei inalipika, muuzaji anasema unakua haraka. Tunauchimbia shimo hatua mbili kutoka ukutani kwa sababu ndipo tulipotaka kivuli. Miaka minane baadaye matawi yanakwangua bati, majani yameziba mfereji wa kuvunia maji ya mvua, mzizi umeinua sakafu ya baraza, na vijana wa msumeno wanaitwa. Mti unakatwa katika umri ambao ndiyo kwanza ulikuwa unaanza kuilipa familia kwa kivuli na matunda. Naumia kila ninapoona gogo la namna hiyo limelala uani, maana upotevu ule ungezuiwa kwa mkanda wa kupimia na nusu saa ya kufikiri.

Serikali zetu zimehimiza sana upandaji. Tanzania ina Siku ya Taifa ya Upandaji Miti kila tarehe 1 Aprili. Kenya iliwapa wananchi wake mapumziko ya kitaifa tarehe 13 Novemba 2023 ili wakapande miti, ikiwa na lengo la kufikisha miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Ni mambo mema. Ila hesabu inayotangazwa kila mara ni ya miche iliyotiwa ardhini, na mche uliotiwa ardhini bado una safari. Wangari Maathai alilijua hilo mapema. Katika Green Belt Movement, aliyoianzisha mwaka 1977, akina mama waliootesha na kupanda miche walilipwa fedha kidogo kwa kila mche ulioshika. Aliyepanda kumi akaacha saba ikauke, alihesabiwa mitatu. Kwangu mimi kipimo hicho ndicho kingetumika hadi uani kwetu: mti uchaguliwe kwa umbo utakalokuwa nalo utu uzimani, na usihesabiwe kuwa umepandwa mpaka uvuke kiangazi cha pili.

Mahali kwanza, jina la mti baadaye. Kama unataka kivuli cha kupooza nyumba, simama uani saa tisa alasiri mwezi wa Januari uone ni ukuta gani unaopikwa na jua. Kwa sisi wa Dar es Salaam, kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la mchana hupita upande wa kusini wa utosi, na huzama likiwa limeelemea kusini-magharibi. Ukuta wa upande huo ndio unaotunza joto na kulirudisha chumbani usiku, watu wakajigeuzageuza kitandani. Mti wa kivuli ukae huko. Upande wa kaskazini-mashariki uache wazi, kwa kuwa ndiko upepo wa kaskazi unakotokea kati ya Desemba na Machi. Ukiuziba kwa miti iliyosongamana umejinyima hewa katika miezi ile ile unayoihitaji. Kwa wenzetu wa Njombe, Iringa na Nairobi hesabu ni tofauti. Wao wana baridi ya Juni na Julai, na wakati huo jua la mchana liko upande wa kaskazini. Mti mnene usiopukutisha majani ukiuweka kaskazini mwa nyumba, utawakosesha jua wakati wanalitamani.

Kuhusu umbali, kanuni rahisi ni kwamba kutoka ukutani hadi kwenye shina usipungue nusu ya upana wa mti uliokomaa. Mwembe basi unahitaji mita tano au sita. Mikuyu na jamaa zake wa fikasi, pamoja na ule wa mapambo wenye majani madogo ya kung'aa unaouzwa ukiwa umekatwa duara la kupendeza, ipewe mita 10 na zaidi kutoka nyumba, karo na mabomba. Ule wa mapambo ndio unaowadanganya watu wengi, kwa sababu ukiwa kwenye chungu ni mpole kabisa. Ukishagusa ardhi, mizizi yake hutafuta unyevu popote. Mzizi hauhitaji kupasua bomba zima. Hufuata tone linalovuja kwenye maungio, huingia ukiwa mwembamba, kisha hunenepa humo ndani mpaka maji machafu yanarudi bafuni. Na kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa Embakasi na Athi River, unaovimba kwa mvua na kupasuka kiangazi, mti mkubwa ulio karibu hunyonya maji ya chini ya msingi na kuzidisha nyufa za ukuta.

Ukimaliza kutazama chini, tazama juu. Penye waya za umeme panda mti mdogo unaokubali kuzuiwa kwa mkasi usivuke mita tatu au nne: mlimau, mkomamanga, mstafeli, mhina. Mti mrefu uliokatwa upande mmoja kuepusha waya haurudi tena kuwa na mizani, na siku ya upepo wa kusi huangukia upande uliobaki na matawi.

Sasa majina. Mwembe nautetea hata kwenye kiwanja kidogo, kwa sharti moja: uwe wa kubebeshwa, na mwenyewe awe tayari kushika mkasi wa kupogolea. Mwembe uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, wakati uliotokana na kokwa unaweza kukuweka miaka sita au zaidi, na bado usijue utazaa embe gani. Mche wa kubebeshwa ukikatwa kilele ungali na urefu wa kiuno, ukaachiwa matawi matatu au manne yaliyokaa pande mbalimbali, kisha ukapogolewa kila mwaka baada ya mavuno, utakaa kwenye kimo cha mita nne au tano maisha yake yote. Mtoto atafikia embe kwa upondo mfupi.

Parachichi aina ya Hass ndilo kila mtu anaulizia tangu habari za wakulima wa Njombe na Rungwe zilipoanza kusikika mijini. Lina kwao, nako ni nyanda za juu zenye usiku wa baridi. Ukilipanda Mbagala au Kigamboni utapata majani, na matunda ya kubahatisha. Pwani tafuta mche uliobebeshwa kutoka kwenye mparachichi wa pwani, ule wa matunda makubwa ya kijani yenye maji mengi, uliozoea joto. Na popote pale, mparachichi usiuweke kwenye bonde linalotuama maji, kwani mizizi yake huoza upesi kuliko ya miti mingi ya matunda.

Mwashoki, ule mwembamba mrefu uliotoka India na sasa umejipanga kwenye nyua nyingi za mjini, unafaa penye ufinyu kwa sababu hautanui mabega. Unapunguza vumbi na unaficha dirisha la jirani, lakini kivuli cha kukalia usikitegemee. Mkrismasi nao, uliotoka Madagascar na unaowaka mwekundu kila Desemba, ni mti wa uwanja wa shule au wa kanisa; mizizi yake hutambaa juu juu, matawi yake ni mepesi kuvunjika, na nyumbani unataka nafasi ambayo wengi hatuna. Mwarobaini nausifu kwa watu wa Dodoma, Singida na Shinyanga, kwani huvumilia ukame na haumwachi mtu juani hata Oktoba. Pwani nawaomba watu wawe na kiasi nao. Ndege na popo hula matunda yake na kutawanya mbegu, na miche yake inajiotea vichakani na kusongamana na miti ya asili. Mwenye nao ang'oe vinavyoota chini yake vingali vidogo.

Mwenye nafasi kubwa na subira apande mkwaju. Ni mti wa Afrika hii hii, unakua polepole, hauogopi ukame, na aliyeupanda huwaachia wajukuu. Nyanda za juu wana mringaringa, ambao Wachaga wameuacha kwenye vihamba vyao kwa vizazi vingi, ukiinukia juu ya migomba na kahawa bila kuziua. Anayetaka kujifunza namna ya kupanga miti mirefu, ya kati na mifupi kwenye kipande kimoja cha ardhi, aende akatazame kihamba cha zamani pale Kilimanjaro. Sijaona darasa bora kuliko hilo.

Kuna swali ambalo wauza miche hawaliulizi na wanunuzi hawalitaji: utaumwagilia maji gani? Nyumba nyingi za Dar es Salaam zinaishi kwa maji ya kisima, na visima vingi vya maeneo ya karibu na bahari vina chumvi. Maji hayo yanaosha vyombo na kufua, ila mmea unayajua. Dalili huanzia kwenye ncha za majani: zinakuwa kahawia, ukavu unarudi nyuma kufuata ukingo wa jani, na jani linadondoka katikati yake kukiwa bado kijani. Watu huona hivyo wakadhani mti una kiu, wakaongeza maji yale yale. Mparachichi na jamii ya michungwa ndiyo inayoumia kwanza. Mnazi, mkungu, mvinje, mwarobaini na mkunazi huvumilia. Mkomamanga uko katikati.

Kama maji yako ni ya chumvi na bado unataka mlimau, vuna maji ya mvua ya bati hata kwa pipa moja uyatunzie mti huo. Kama hakuna namna, mwagilia mara chache kwa wingi, ili maji yashuke na chumvi chini ya mizizi, kuliko kunyunyizia kidogo kila jioni na kuiacha chumvi ijikusanye pale juu. Maji usiyarushe kwenye majani. Maji ya kuoshea mchele na mboga ni mazuri kwa mti wowote, na ya kufulia yenye sabuni kidogo hayana shida, mradi yasiwe na dawa ya kung'arishia nguo.

Kwenye kununua, mizizi ndiyo ya kuangaliwa kabla ya majani. Kabla masika hayajaanza nilisimama kwa muuza miche wa kando ya barabara nikitazama mchungwa mmoja uliowazidi wenzake wote kwa urefu.

"Mama, chukua huo," kijana akaniambia. "Huo mwakani tu unakula chungwa."

Nikamwomba aunyanyue. Akaushika kiriba, ukagoma. Alipovuta kwa nguvu ukasikika mkato chini: mzizi mkuu ulikuwa umetoboa kiriba na kuingia ardhini, na sasa ulikuwa umebaki huko. Pembeni mwa nailoni mizizi mingine ilionekana ikizunguka na kuzunguka, imebanana, myeupe kwa kukosa pa kwenda. Kijana akaucheki, kisha akanitazama kwa uungwana.

"Huu umekaa sana hapa, mama, sikufichi. Ningekuwa nampa dada yangu, ningempa huu mfupi."

Mfupi ule ulikuwa na urefu wa magoti, shina nene kuliko kalamu, majani hadi chini, na alama ya kubebesha iliyopona vizuri, pasipo chipukizi lolote lililotokeza chini yake. Huo ndio mche. Mrefu wenye kiriba kidogo umekwisha kuzeeka ungali mtoto, na mizizi iliyozoea kuzunguka huendelea kuzunguka hata ukiipa ardhi pana, mpaka siku moja inajinyonga yenyewe. Kama umeshanunua wa namna hiyo, usiutupe. Kata kwa kisu kikali kile kikunjo cha chini na uikwangue ile ya pembeni ianze kutazama nje.

Wakati wa kupanda kwa watu wa pwani ni masika, mvua zikishalowesha ardhi sawasawa. Chimba kwa mkono. Kama unyevu umefika kina cha kiwiko, panda. Vuli inavutia, lakini ni fupi na nyuma yake linakuja jua la Januari na Februari. Mche wa masika una miezi ya ubaridi mbele yake ya kujisimika. Dodoma na kanda ya kati wenye msimu mmoja wa mvua hawana anasa hiyo. Wao wawe na mashimo tayari ili mche uingie ardhini mara mvua zinaposhika kasi, usipoteze hata wiki.

Shimo la futi mbili kila upande na futi mbili kwenda chini linatosha miti mingi ya nyumbani. Udongo wa juu uweke upande mmoja na wa chini upande mwingine. Nyumba mpya ina tatizo lake: chini ya nyasi kumefukiwa kifusi, vipande vya matofali na saruji iliyomwagwa na mafundi. Kitoe chote, hata kama utatoa ndoo kumi, kwani saruji huharibu udongo kwa miaka. Changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza, ile isiyonuka tena wala kutoa joto ukiingiza mkono. Samadi mbichi huunguza mizizi. Kiriba kichanwe na kutolewa chote. Bado kuna watu wanaokata kitako tu na kukizika kilichobaki wakiamini kitaoza. Nailoni haiozi, na mti unaishi maisha yake yote ndani ya mfuko. Usawa wa udongo wa kiriba ndio uwe usawa wa ardhi. Mche uliozamishwa shingoni huoza gome, na ule uliobebeshwa ukifukiwa alama yake, kazi ya kubebesha imepotea.

Weka na mti wa kuegemea. Pwani kusi huanza kuvuma Aprili na kushika nguvu Juni na Julai, kwa hiyo egemeo likae upande wa kusini wa mche, ili upepo uusukume mche mbali nalo badala ya kuugongesha. Funga kwa kitambaa laini kwa fundo lililolegea, na ulifungue mwaka ukiisha.

Kinachoua miti ya nyumbani ni miezi ya Juni hadi Oktoba. Mche ulikuwa mzuri, picha ilipigwa, mvua zikakatika, na kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Tengeneza kisahani cha udongo kuzunguka shina, kipana kama karai, na mara moja kwa wiki mimina ndoo ya lita 20 polepole hadi inywewe yote. Kwenye kichanga gawa mara mbili. Kikombe cha kila siku hulowesha vidole vinne vya juu tu, nayo mizizi hupanda kuyafuata maji hayo, ikakaa pale pale jua linapochoma. Penye shida ya maji, chupa kubwa ya plastiki iliyotobolewa tundu dogo kifunikoni, ikapinduliwa na kuzikwa shingo karibu na mizizi, hudondosha polepole na kupeleka maji yanakotakiwa. Nyasi zisisogee karibu na shina kwa nusu mita kila upande. Kwa nyumba yenye mchwa, mche mkavu ndio unaoliwa kwanza, hivyo kumwagilia ni nusu ya kinga.

Nina jambo la kusema kuhusu fagio. Tumelelewa kwamba uwanja safi ni ule uliofagiwa asubuhi na mapema, ukabaki na mistari ya chelewa mchangani. Ni uzuri wa kweli, na unasaidia kuona nyoka. Lakini fagio lile lile, kila siku ya Mungu, huondoa majani ambayo mti uliyashusha yawe chakula chake, na huondoa pia vumbi la juu, ambalo ndilo udongo wenye rutuba. Tazama mwembe wa uani kwa watu waliokaa mahali pamoja miaka mingi: mizizi iko nje, imechubuliwa na nyayo, na ardhi iliyoizunguka imeshuka kina cha kiganja. Kisha majani yaliyofagiwa yanarundikwa chini ya mti huo huo na kuchomwa moto, na gome la upande mmoja linakufa. Siombi watu waache kufagia. Naomba duara la chini ya matawi lisiguswe na fagio, na taka za majani za uwanja mzima zimwagwe humo zikiwa matandazo, unene wa vidole vinne mpaka kiganja, yakiacha nafasi ya kiganja kingine kutoka kwenye shina ili gome lipate hewa. Baada ya masika mawili udongo wa chini yake utakuwa mweusi, na minyoo itaonekana.

Adui mwingine wa siku hizi ni vitofali vya kutandika uani. Vinapendeza na vinazuia tope, ila vikibanwa hadi kwenye shina, mti unakosa maji na hewa. Acha duara la angalau mita moja kila upande, na kwa mti mkubwa zaidi ya hapo. Kamba ya kuanikia nguo iliyozungushwa kwenye shina ifungwe upya kila baada ya miezi michache. Ikisahaulika, gome huimeza, na chakula kinachoshuka kutoka kwenye majani kukosa njia.

Kupogoa kunataka msumeno mkali na mkono usio na haraka. Tawi nene halikatwi kwa mara moja, kwani uzito wake utalichana na gome la shina. Kwanza kata chini yake, shubiri moja kutoka shinani, hadi theluthi ya unene. Kisha kata juu, mbele kidogo ya hapo, tawi lidondoke. Mwisho ondoa kibutu kilichobaki, ukiacha ile pete ya gome iliyovimba tawi linapoungana na shina, kwa kuwa hapo ndipo kidonda kinapofungia. Kukata mti kichwa chote ili "uchipue upya" ni kuuadhibu: huchipua fimbo nyingi zisizoshikana na shina, nazo ndizo zinazoanguka juu ya bati baadaye. Wadudu na magonjwa sitayamaliza hapa. Kwa mwembe, chunga ubwiriunga na chule wakati wa maua, na maembe yaliyoanguka yenye funza wa nzi wa matunda yaokotwe na kuzikwa au kufungwa kwenye mfuko mweusi juani, yasiachwe kuozea chini ya mti.

Vichaka tumevionea. Tulipoanza kujenga kuta za matofali tuling'oa michongoma, na pamoja nayo ukaondoka ukuta uliopitisha upepo na kuwapa ndege viota. Penye shida ya usalama naelewa. Penye mpaka wa ndani, kati ya nyumba na jiko au kati ya ndugu na ndugu, mchongoma uliokatwa mara kwa mara bado unatosha, na mlonge uliopandwa kwa ukaribu hutoa uzio na mboga pamoja. Wachaga wana masale, ambayo huonyesha mpaka, na jani lake hupelekwa kwa aliyekosewa kuomba radhi. Sijui uzio wa matofali unaofanya kazi zote mbili. Mnyaa nao ni uzio wa bei ndogo, lakini penye watoto nisingeupanda: utomvu wake mweupe ukiingia machoni huunguza vibaya sana, na aliyerukiwa anawishwe kwa maji mengi na kupelekwa hospitali.

Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu wanawake wamekuwa na bustani yao ndani ya ua kwa muda mrefu kuliko kumbukumbu za yeyote kati yetu. Mwasmini, mkilua, mlangilangi, mrehani na mhina si mapambo ya kutazamwa. Vinatungwa vikuba, vinatia harufu chumbani na kwenye nguo, na vinampamba bibi harusi. Mwasmini unataka jua la kutosha na kupunguzwa kila unapomaliza kuchanua kwa wingi, kwa sababu maua huja kwenye vichipukizi vipya. Matumba huchumwa alasiri yakiwa bado yamefumba, yakafunguka jioni yakiwa tayari yametungwa. Mkilua ni mmea wa pwani yetu wenyewe, na unapatikana kwa shida kwenye vitalu vya biashara. Mwenye nao agawie wenzake mbegu. Mlangilangi ni mti kamili, na ukiachwa utapita paa, hivyo ukatwe kilele mapema ili maua yafikike kwa mkono.

Mpangaji naye asijione hahusiki. Mila zetu nyingi humkataza aliyeazimwa ardhi kupanda mazao ya kudumu, kwa kuwa mti ni ushahidi wa umiliki, na mwenye nyumba wa mjini anaweza kuwa na wasiwasi huo huo. Pipa la lita 200 lililokatwa katikati, likatobolewa matundu chini na kuinuliwa juu ya matofali mawili, linabeba mlimau wa kubebeshwa kwa miaka mingi, nao unahama na mwenyewe. Udongo wake uwe theluthi moja mboji, na umwagiliwe mara nyingi kuliko wa ardhini, karibu kila siku wakati wa joto. Kila masika kwangua vidole vitano vya juu uweke mboji mpya.

Na wapo wanaonunua kiwanja chenye mti mkubwa tayari, mwembe au mkwaju au mzambarau ulioachwa na waliokuwa wanalima hapo. Wengi huanza kwa kuukata ili "kusafisha eneo," kisha wakaenda kununua miche. Kabla ya hapo muulizeni mchora ramani kama nyumba inaweza kusogezwa mita mbili. Mara nyingi inaweza. Mti ukibaki, ujue kwamba mizizi yake ya kunyonya chakula iko kwenye kina kifupi, mingi ndani ya futi mbili za juu, na inafika mbali kuliko ncha za matawi. Lori likikanyaga hapo udongo unashindiliwa. Zege likichanganywa chini yake maji ya saruji yanazama. Mchanga ukirundikwa kwenye shina gome linaoza. Mti hautakufa siku hiyo. Utaanza kukauka juu baada ya mwaka mmoja au miwili, mkiwa mmeshahamia, na hakuna atakayekumbuka sababu. Piga vigingi na kamba kuzunguka eneo lote la kivuli kabla lori la kwanza la mchanga halijafika, na fundi aonyeshwe mapema upande mwingine wa kumwagia.